"Salama" Si Jibu la Mwisho

Wanachama wenzangu na walimu wetu, mara nyingi tunaulizana katika mikutano ya chama: Kiswahili chetu hiki, huku Marekani, kinamsaidia nani? Makala hii ni jibu langu. Ni habari ya kosa nililolifanya katika kazi ya ukalimani, na jinsi lilivyonifanya niisome upya imani niliyolelewa nayo.

Kila Jumamosi asubuhi kanisa moja la mjini kwetu hutuma watu wawili wawili kuzitembelea familia za wakimbizi. Mmoja huwa mshirika wa kanisa, Mmarekani. Wa pili huwa mkalimani, na hapo ndipo baadhi yetu wa chama hiki tunapoingia. Mimi nimepangwa na mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, mwenye gari kuukuu na karatasi ya maswali: chakula kipo? watoto wanakwenda shule? kuna mgonjwa? hita inafanya kazi? kuna barua zisizoeleweka?

Jumamosi moja ya Novemba 2024 tulipanda ngazi hadi kwa mama mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, aliyefika na watoto wake wanne mwezi wa Agosti. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari ya masomo?"

"Nzuri mama. Habari za hapa?"

"Salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na nyumba je?"

"Salama tu, mwanangu. Ila baridi ya huku... tutaizoea."

Nikamgeukia mwalimu nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kila kitu kiko sawa. Akatia alama kwenye karatasi yake. Ziara ilichukua dakika kumi. Nilikuwa na kazi ya darasani ya kukabidhi Jumatatu, na nikafurahi kwamba tumemaliza mapema.

Jumamosi iliyofuata tuliwakuta watoto wamevaa makoti sebuleni. Mlango wa jiko la umeme ulikuwa wazi, jiko limewashwa hadi mwisho, na mtoto mdogo amelala kwenye blanketi mbele yake. Mwalimu aliweka kiganja kwenye hita iliyo ukutani. Ilikuwa baridi kama jiwe. Gesi ilikuwa imekatwa siku kumi na sita.

Mama akatuletea ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, ambao wakimbizi hupewa wanaposafiri ili wabebe hati zao. Ndani yake alikuwa amezihifadhi barua tatu za kampuni ya gesi, zimekunjwa vizuri pamoja na vyeti vya watoto. Kwake karatasi yoyote yenye muhuri ilikuwa kitu cha kutunza. Hakujua kwamba zilikuwa zinamdai, na kwamba ya mwisho ilikuwa inamuonya.

Mwalimu alipiga simu, kanisa likalipa deni, na Jumanne gesi ikarudi. Nilipomuuliza mama kwa nini hakutuambia, alinitazama kwa mshangao, bila hasira.

"Nilikuambia," akasema.

Na kweli aliniambia.

Adabu ya salamu

Sisi wenye lugha hii tunajua salamu zetu zilivyo. Mtu hulala kitandani na homa, ukimuuliza hali hujibu "sijambo" kwanza, ndipo aseme kwamba hajala tangu juzi. Mfiwa hujibu "nzuri" kabla ya kukutajia msiba. Hatudanganyi. Salama ya kwanza ni heshima, ni mlango wa mazungumzo. Habari yenyewe huja nyuma yake, mara nyingi ikiongozwa na neno dogo kama "ila", "lakini" au "tu". Mtoto wa miaka saba anajua hivyo.

Mwalimu mstaafu hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilijua, na kwa sababu hiyo lawama ni yangu. Nilisikia "ila" nikaikata, kwa sababu nilikuwa na haraka, na pia kwa sababu nilitaka nionekane mkalimani hodari wa majibu mafupi. Nilikuwa mle ndani kwa jina la huduma ya Kikristo, kumbe nilikuwa nafunga mlango ambao mama alikuwa ameufungua kidogo.

Jirani aliyetoka kwetu

Kuna jambo jingine lililoniuma. Mama huyu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, akiwa msichana, wakati vita vilipoanza Kivu. Aliingia kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Aliolewa pale, akazaa pale, akamzika mume pale. Mimi nilizaliwa Morogoro na nina miaka 26. Yeye ameishi Tanzania miaka 28.

Siku ya kwanza kukutana aliniuliza, "Kwenu Tanzania ni wapi?"

"Morogoro, mama."

"Sijafika. Hatukuruhusiwa kutoka."

Ni kweli. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inawataka wakae katika maeneo waliyotengewa, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Katika utoto wangu wote, kanisani kwetu, niliombea wakimbizi kila mwaka bila kumjua hata mmoja. Walikuwa nchi moja nami. Nimevuka bahari, nimepanda ndege mbili, ndipo nikakaa kwenye zulia moja na jirani yangu.

Yule mwanasheria aliyemuuliza Yesu "jirani yangu ni nani?" bila shaka alitarajia kupewa mipaka: mpaka hapa ni jirani, kuanzia hapa si jirani. Badala yake alipewa hadithi ya Msamaria kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tunapenda sana sehemu ya mafuta, divai na punda. Siku hizi mimi nakaa zaidi kwenye mwisho wake, pale Msamaria anapomwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi, na kama gharama imezidi atalipa. Msaada wake ulikuwa na ziara ya pili ndani yake.

Vilevile Mathayo sura ya 25. Nyumbani tuliisoma kila mavuno: wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa, wafungwa. Nilikuwa naisoma kama orodha ya sadaka. Baada ya mambo ya hita niliisoma tena, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Wale wa mkono wa kushoto hawasemi kwamba walikataa kusaidia. Wanauliza ni lini walimwona. Hawakuwa na habari. Walipita, wakauliza hali, wakaambiwa salama, wakaenda zao. Hapo ndipo nilipojikuta.

Makanisa na kazi ya kupokea

Kwa wasiojua kazi hii inavyoendeshwa, nieleze kwa ufupi. Marekani ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 1980, na tangu hapo serikali imekuwa ikifanya kazi ya kuwapokea kwa mikataba na mashirika ya kitaifa. Zaidi ya nusu ya mashirika hayo yana mizizi ya dini. Church World Service liliundwa na makanisa mwaka 1946 kusaidia watu walioharibikiwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. World Relief ni la Wainjilisti. Walutheri, Waanglikana wa huku na maaskofu Wakatoliki walikuwa na yao, na HIAS ni la Wayahudi.

Katika mwaka wa fedha wa 2023, kati ya wakimbizi takriban 60,000 waliopokelewa, zaidi ya 18,000 walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Sehemu kubwa yao wanasema Kiswahili. Hiyo ndiyo sababu simu ya chama chetu ilianza kulia.

Msaada wa mwanzo wa shirika ulikusudiwa kwa siku 90 hivi: nyumba, vitambulisho, shule, daktari, kazi. Baada ya hapo mtu alitarajiwa kujitegemea. Nauli ya ndege nayo ilikuwa mkopo usio na riba, ambao familia ilianza kuulipa baada ya miezi sita. Mama wa Fizi alifika Agosti, na gesi yake ilikatwa Novemba, siku 90 zikielekea kwisha. Ni wakati huo watu wengi huteleza, kwa sababu afisa wa shirika ameshahamia familia nyingine.

Januari 2025 serikali ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na fedha za mashirika hayo zikazuiwa. Ofisi iliyomleta mama ilipunguza wafanyakazi. Waliokwisha kufika walibaki na barua zao, hita zao na mikopo yao ya nauli. Mwalimu mstaafu hakubadilisha ratiba. Jumamosi iliyofuata alinipitia saa ile ile, na theluji ilikuwa inafika magotini.

Niliyojifunza, kwa atakayejiunga

Kwanza, sema yote aliyosema mtu. Hata "ila", hata ukimya. Mtu akinyamaza kabla ya kujibu, mwambie mgeni wako kwamba amenyamaza. Siku hizi nimemfundisha mwalimu mambo ya salama ya kwanza, na yeye mwenyewe husubiri. Anakunywa chai taratibu. Swali la hita analiuliza mara mbili.

Pili, usijifanye mwenye lugha. Kiswahili cha Kongo kina mambo yake. Mama akisema watoto wako "masomo" anamaanisha shuleni, na "sombe" ni kisamvu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Nikaacha nilipoona kwamba kila nikimsahihisha anapunguza maneno, na anayepunguza maneno hawezi kukufikia na "ila" yake.

Tatu, jua mpaka wako. Hospitalini na mahakamani sisi wanafunzi hatutoshi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imetumika kuwataka wanaopokea fedha za serikali kuu wahakikishe lugha haiwi kizuizi, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani wa hospitali, hata kwa simu, bila malipo. Kazi yetu ni kumkumbusha aombe. Na tusimruhusu binti wa miaka kumi na mbili amfasirie mama yake habari za tumbo la uzazi.

Nne, usihubiri kwa mtu anayekusubiri umsomee barua. Hawezi kukufukuza, na wewe unajua hawezi. Zaidi ya hayo, wengi wao walimjua Mungu kabla yetu. Mama wa Fizi aliongoza kwaya Nyarugusu, na Alhamisi jioni sebule yake hujaa majirani wa Kipentekoste, Kikatoliki na Kimethodisti, wakiimba mpaka wa ghorofa ya chini anagonga dari. Ni yeye anayetuombea, si sisi tunaomwombea.

Tano, si lazima uwe Mkristo. Mwenzetu mmoja wa Zanzibar, Mwislamu, ndiye mkalimani wetu anayeaminiwa zaidi na wazee. Nilimuuliza kama haoni tabu kuanzia ziara kanisani. Alijibu kwamba jirani mwenye shida ni amana ya dini yake pia, halafu akaniuliza kama nimeshasoma ile barua ya bima.

Ziara ya mama

Machi mwaka huu mume wa mwalimu alilazwa. Jumamosi mbili hakuja, nikaenda na mshirika mwingine wa kanisa. Mama aliuliza mwalimu yuko wapi, nikamweleza. Hakusema kitu. Jumapili mchana alinipigia simu nimpeleke.

Tulipanda mabasi mawili, yeye amepakata sufuria ya sombe iliyofungwa kwa kitenge. Mwalimu alitufungulia, akashangaa. Mama akauliza, nami nikafasiri: habari za mgonjwa? Mwalimu akasema wanaendelea vizuri, asante, hakuna haja ya usumbufu. Nikafasiri neno kwa neno.

Mama akaitikia kwa kichwa, akavua koti, akaketi. Akaweka mikono magotini, wala hakuuliza swali jingine. Mimi nikanyamaza pia, maana hapakuwa na la kufasiri. Ilipita kama dakika tatu. Kisha mwalimu akaketi naye, akaanza kulia, akatueleza yote ambayo daktari alikuwa amesema.

Wenzangu, Jumamosi tunakutana saa tatu asubuhi mbele ya maktaba. Tunahitaji wakalimani wanne zaidi, na wenye magari wawili. Walimu wetu nao wanakaribishwa, hasa walio tayari kunywa chai taratibu. Vaeni makoti mazito.