Juma Bhalo: Legendi wa Mombasa Aliyechukua Tuni za Kihindi Akazifanya Zetu

Ka umekulia Port Reitz, hii unaijua. Usiku wa harusi, turubai limefunga njia, boda wanazungukia nyuma. Spika inaachilia ngoma na beshte yako anauliza, "Kwani hii si ya filamu ya Kihindi?" Skiza tena. Tuni ni ya Kihindi, lakini maneno ni Kiswahili, tena Kimvita cha ndani.

Kuna uwezekano mkubwa sauti hiyo ni ya Mohamed Khamis Juma Bhalo. Wazee walimwita Profesa, na hawakuwa wanatania.

Story iko hivi. Kitambo, kabla ya TV kuingia kila nyumba, watu wa Mombasa walijaa sinema kuona filamu za Kihindi. Wakitoka wanaimba Mohammed Rafi njia nzima, hata ka hawaelewi neno. Waimbaji wa hapa wakashtuka: hizi tuni watu wanazipenda, tuziwekee maneno yetu. Hapo ndipo taarab ya Kihindi ilipata nguvu, na Bhalo akawa mfalme wake.

Sasa kuna wasee husema, "Ah, huyo alikuwa anakopi tu." Zii. Bhalo hakutafsiri nyimbo za Kihindi. Alichukua tuni, maneno yakawa shairi jipya kabisa. Na shairi la Kiswahili lina sheria zake: mizani inahesabiwa, vina vinalingana katikati na mwisho. Jaribu kuingiza hayo kwa tuni iliyotengenezwa Bombay, tena na fumbo ndani, halafu uniambie ni kukopi. Leo produsa akisampo biti ya zamani unamwita mkali. Bhalo alifanya kazi ya aina hiyo kabla hujazaliwa.

Maneno mengine yalitoka kwa ndugu yake wa ukoo, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita, kitabu cha 1971. Ahmad Nassir naye ni kakake Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kuuliza Kenya inaelekea wapi. Hiyo familia neno lilikuwa kazi, si mchezo.

Hata ule mlio unaokwaruza vitamu, tang-tang-tang, una safari yake. Ni tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo ka vya taipureta. Ilibuniwa Japani, ikapendwa India, ikafika Pwani, ikachomekwa kwa stima. Mjapani, Mhindi na Mswahili kwa ngoma moja.

Nyimbo zilienda kwa santuri za lebo ya Mzuri, ya hapa hapa Mombasa, kisha kaseti zikachukua usukani. Miaka michache kabla ya kifo chake, Bhalo aliacha muziki kwa sababu za dini. Alifariki Aprili 2014. Mwenyewe aliweka maiki chini, ila harusi zetu hazijamwachilia.

Mbona nakuambia haya? Nyanyangu ana kaseti zake kwa kopo la biskuti. Juzi niliweka moja, redio ikala utepe. Hakunigombeza. Alichukua biro, akaurudisha polepole, duru kwa duru. Tulipocheza tena, sauti ilitoka ikiyumba, na kipande kimoja kikawa kimeenda kabisa. Alikiimba yeye mwenyewe mpaka wimbo ukaendelea.

Hapo nikaelewa. Nyingi za hizi ngoma ziko kwa utepe na kwa vichwa vya kina nyanya, na vyote viwili havidumu.

Kwa hivyo wikendi hii, ukifika home, uliza kaseti ziko wapi. Rekodi hata kwa simu. Halafu muulize alieeleweje lile fumbo, na lilikuwa linamlenga nani. Hiyo hutaipata mtandaoni.

Kwenu ni nani ana Bhalo kwa kopo?