Bahari na Pwani Yetu (2): Kila Mkoko na Maji Yake

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi joto la bahari linavyoua matumbawe. Leo tuingie matopeni, kwenye mikoko.

Wengi hudhani kuurudisha msitu wa mikoko ni kuokota mbegu, kuzichomeka topeni na kwenda zao. Miche mingi imekufa kwa dhana hiyo, kwa sababu kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, kwenye mawimbi. Mkoko wenye mizizi ya upinde hufuata. Nyuma yake mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali, hata uwanda unaofikiwa na maji ya bamvua peke yake. Kinachozipanga aina hizi ni muda ambao maji hukaa, chumvi na aina ya udongo.

Gazi, huko Kwale nchini Kenya, ilijifunza hayo polepole. Miaka ya 1970 miti ilifyekwa kwa kuni za viwandani, na baadhi ya maeneo hayakuota tena yenyewe. Mwaka 1991 watafiti walianza kupanda kwa kufuata mpangilio wa maji, na msitu ukarudi. Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni hulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117. Mapato yamesaidia maji na shule. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ardhini, si kwenye magogo: tope halina oksijeni, hivyo majani na mizizi iliyofukiwa huoza taratibu mno.

Lakini tope lenyewe lina kipimo chake. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo wa bara hadi hori ya Mwache, Mombasa, ukaifukia mizizi ya kupumulia na miti ikafa. Udongo uleule ukija kidogo kidogo huinua sakafu ya msitu, nao msitu huweza kwenda sambamba na bahari inayopanda.

Bahari ikipanda upesi kuliko sakafu hiyo, mikoko hurudi nyuma kuelekea nchi kavu. Ikikuta ukuta wa hoteli au mashamba ya chumvi, haina pa kwenda. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu miche, wapangaji wa ardhi ya pwani watenge kwanza uwanda ulio nyuma ya mikoko, na wanaolima sehemu za juu za mito wazuie mmomonyoko.

Sehemu ijayo: nyasi bahari.