Kifo cha Mtume (s.a.w.): Waliobaki Chumbani
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale Sayyidna Abubakar (r.a.) aliposimama msikitini kuwatuliza watu, na Sayyidna Umar (r.a.), ambaye alikuwa hataki kusikia kwamba Mtume amefariki, miguu ikamwisha nguvu akaanguka chini. Waandishi wengi wakifika hapo hukimbilia Saqifa ya Bani Saida, walikokuwa wamekutana Ansari kumtafuta kiongozi. Huko tutafika. Leo tubaki kwanza chumbani kwa Bi Aisha (r.a.), kwa sababu Jumatatu ile ya Mfungo Sita, mwaka wa 11 wa Hijra (Juni 632), kulikuwa na maziko ya kushughulikiwa, na waliofiwa zaidi ndio hao hao walioinuka kushika kazi.

Ibn Is-haqa ametuachia majina ya waliomuosha: Sayyidna Ali, ami yake Mtume, Abbas, na wanawe wawili Fadhl na Qutham, kisha Usama bin Zaid na Shuqran, aliyekuwa mtumwa wa Mtume akaachwa huru. Kazi waligawana. Ali alimwegemeza kifuani pake akawa anaosha, Abbas na wanawe wakisaidia kumgeuza, Usama na Shuqran wakimimina maji. Riwaya zinasema maji yalitekwa kisima cha Ghars, upande wa Quba, na yalitiwa majani ya mkunazi, kama wanavyofanya waoshaji wetu hadi leo.

Kabla ya kuanza walikwama. Je, wamvue nguo kama maiti yeyote, au wamuoshe nayo? Bi Aisha amesimulia kwamba walipokuwa wakihitilafiana usingizi uliwachukua wote, videvu vikagusa vifua, kisha wakasikia sauti kutoka pembe ya nyumba ikiwaambia wamuoshe na kanzu yake. Wakawa wanamimina maji juu ya kanzu na kumsugua kwa kitambaa chenyewe, mikono yao isiguse mwili. Katika hadithi hiyo hiyo, iliyomo kwa Abu Daud, Bi Aisha anasema lau angelijua mapema aliyokuja kuyajua baadaye, Mtume asingeoshwa na mtu isipokuwa wakeze. Miaka ilipita na jambo lile bado lilikuwa moyoni mwake.

Nje ya mlango alikuwapo Aws bin Khawli, Ansari aliyepigana Badri. Ndani walikuwa ni watu wa nyumba tu, naye hakuwa na udugu wa kumwingiza. Akamwita Ali, akamuapia kwa Mwenyezi Mungu awape Ansari fungu lao kwa Mtume. Ali akamruhusu. Ibn Saad anaongeza kwamba Aws alikuwa mtu wa nguvu, akapewa kubeba mtungi wa maji. Kwangu mimi huyu ndiye mtu wa siku ile. Wenzake walikuwa wakibishana nani atawale. Yeye aliomba kazi.

Akakafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, bila kanzu wala kilemba. Likabaki kaburi. Abubakar alikwisha sema kwamba alimsikia Mtume akieleza kuwa manabii huzikwa pale pale walipofia, basi kitanda kikaondolewa ili pachimbwe chini yake. Madina ilikuwa na wachimbaji wawili mashuhuri: Abu Ubaida, aliyechimba kwa desturi ya Makka, shimo lililonyooka lenye mfereji katikati, na Abu Talha wa Madina, aliyetoa mwanandani ubavuni. Abbas akatuma watu wawili, kila mmoja kwa mchimbaji wake, na kumwachia Mungu achague. Aliyepatikana ni Abu Talha.

Swala haikuwa na imamu. Chumba kilikuwa kidogo, watu wakaingia makundi kwa makundi, wanaume, kisha wanawake, kisha watoto, kila mtu akijisalia. Ndiyo maana mambo yalichelewa mpaka usiku wa kuamkia Jumatano, na Bi Aisha anasema wao hawakujua kuwa anazikwa mpaka waliposikia sauti za majembe usiku. Anas naye anasimulia kwamba waliporudi Bi Fatima alimuuliza mioyo yao iliwezaje kumfukia Mtume kwa udongo.

Kuhusu kaburi lenyewe palizuka mzozo baadaye. Mughira bin Shuuba alidai kwamba aliidondosha pete yake makusudi ili ashuke kuiokota, awe mtu wa mwisho kumgusa Mtume. Watu wa Iraki walipomuuliza Ali, alikanusha: wa mwisho kutoka alikuwa Qutham bin Abbas. Qutham huyo baadaye alikwenda na majeshi mpaka Samarkand, na ziara yake iko huko, mahali paitwapo Shah-i-Zinda.

Wiki ijayo: Saqifa, na baiya ya Jumanne msikitini.