Kansay kwa Miguu, Jumamosi ya Pili

Kazi yangu ni bodaboda, kwa hiyo riziki yangu inatoka kwa watu wasiotaka kutembea. Mwenye kiroba cha mahindi na mlima mbele yake ananipigia simu. Aliyechelewa kliniki ananipigia simu. Ndiyo maana wenzangu wa kijiweni hunicheka wanaponiona, Jumamosi moja kila mwezi, nimefungia pikipiki ndani, nimevaa katambuga, fimbo mkononi, nikiongozana na wazee na kina mama asubuhi nzima bila kumfikisha mtu popote.

Kansay ni kata ya Wilaya ya Karatu, kusini mwa Karatu mjini. Wengi wetu ni Wairaqw, wakulima wa mahindi, maharage, mbaazi na ngwara, na mifugo kidogo nyumbani. Huku kila mtu anatembea: mtoto anakwenda shule, mama anaswaga punda kwenda kuchota maji, mzee anakwenda mnadani. Lakini kila safari ina sababu yake. Ukikutana na mtu njiani, mkishaitikiana "saita", atataka kujua unakwenda wapi. Kundi letu lilipopita mara ya kwanza, watu wazima watupu, hawana jembe, ndoo wala mzigo, watu walitoka nje ya boma kuuliza ni msiba wa nani.

Siku tuliipata serikalini. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Zanzibar nao wana siku yao ya mazoezi, kila Januari 1. Dar es Salaam vikundi vya jogging hupita barabarani alfajiri wakiimba, fulana za rangi moja. Sisi hatuna fulana wala spika. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyesema: kama wa mjini wanakimbia, sisi tutembee, tuizunguke kata yetu tuione.

Sababu ya afya ipo, na si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na watu kama 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki, na kutembea kwa mwendo wa kukaza kunahesabika. Mama anayebeba kuni kutoka korongoni hahitaji kuhubiriwa hayo. Tunaohitaji ni sisi wa kukaa: madereva, wenye maduka, wa ofisini. Mhudumu wa afya aliyemo kundini hutukumbusha kwamba kutembea mara moja kwa mwezi hakutoshi. Siku hiyo moja inamsaidia mtu kugundua kwamba miguu yake bado inaweza. Wiki zinazobaki kila mmoja anajipangia. Mimi, kwa mfano, kanisani siendi tena na pikipiki.

Utaratibu wetu ni mwepisi. Siku moja kabla, mwenyekiti wa kitongoji tutakachopita anapewa taarifa. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua halijawa kali. Mwalimu anakadiria muda kwa kanuni ya Mskochi William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Juu ya hapo tunaongeza muda wa salamu, maana huwezi kupita mlangoni kwa mzee kama hujamwona. Mbele anatangulia anayeijua njia, nyuma anafunga mtu mmoja mwenye subira, na mwendo unapangwa na yule wa polepole kuliko wote. Hapo vijana huwa hawana raha. Karatu ni nyumbani kwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32 hivi, na kila kijana wa huku anaamini damu hiyo anayo na yeye. Tunawaruhusu wakimbie hadi mti unaofuata, kisha wasubiri.

Majira nayo yana amri zake. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu unang'ang'ania viatu, na korongo lenye maji halivukwi hata kama jana lilikuwa kavu, kwa sababu mvua inaweza kunyesha huko juu, chini ukaona maji tu. Juni na Julai ni baridi na ukungu, unahitaji sweta. Ikifika Septemba mashamba yamevunwa, vumbi limetanda, lakini ukiwa mahali palipoinuka unaona mbali, na upande wa kaskazini Mlima Oldeani umejaa mbele yako. Kila mtu anabeba maji yake na kuvaa viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Kwenye misitu ya hifadhi hatuingii. Huko kuna tembo na nyati, na mwenye kutaka kwenda anafuata kibali na askari wa hifadhi.

Basi mnatembea mkiona nini, kijiweni huniuliza. Tunaona njia zinavyoliwa. Kati ya shamba na shamba kuna njia ya watu, na plau la ng'ombe linapita pembeni yake kila msimu. Mwaka huu linakula mfuo mmoja upande huu, mwaka ujao mmoja upande ule. Hakuna mwenye nia mbaya. Lakini baada ya miaka kadhaa, njia waliyopishana punda wawili wenye mizigo haimtoshi hata mmoja, mbaazi zinakukwaruza huku na huku, na watu wanaanza kukata kupitia shamba la mtu wa tatu. Ugomvi unazaliwa hapo. Kundi likifika mahali kama hapo husimama, na mara nyingi wenye mashamba wenyewe wamo kundini. Kuelewana mkiwa mmesimama juu ya mpaka ni rahisi kuliko kushtakiana baadaye. Mkikubaliana, mwenyekiti anaambiwa. Likishindikana, linapelekwa halmashauri ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo yenye dhamana ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote.

Kitu kingine ni makorongo. Njia inayoshuka mlima moja kwa moja, ya watu au ya ng'ombe, mvua ikija inageuka mfereji. Maji yanachimba, msimu unaofuata watu wanahamia pembeni, na pembeni nako panachimbika. Wazee wetu waliotoka Mama Isara, kule Mbulu, wanasikitika wakiona hivyo, maana Wairaqw wa huko wanajulikana kwa matuta yao milimani na kwa kulisha udongo samadi ili usichoke. Bibi mmoja kundini hana maneno mengi. Anaonyesha kwa fimbo mahali pa kuweka mawe na mahali pa kupanda mabingobingo, halafu anaendelea na safari. Sisi nasi tumejifunza kushuka mteremko kwa kuukata mshazari.

Mapumzikoni, chini ya mkaratusi, Mwalimu hupenda kutukumbusha kwamba jirani zetu wana historia ndefu ya matembezi. Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowana, miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine karibu na hapo hapo. Wataalamu wamepima urefu wa nyayo na upana wa hatua, wakakadiria hata kimo cha wenyewe. Bibi alipoyasikia hayo aliuliza swali moja tu: walikuwa wanakwenda wapi? Tulicheka, lakini ndilo swali tunaloulizwa sisi kila mwezi.

Ukitaka kuanzisha kundi kijijini kwenu, usisubiri mfadhili. Chagueni siku isiyogongana na mnada wala ibada. Mtaarifuni mwenyekiti. Anzeni na mzunguko mfupi utakaowarudisha kabla ya chai ya saa nne, na yule mwenye goti bovu mwekeni mbele. Kila mwezi elekeeni upande mwingine, hadi kila kitongoji kiwe kimepitiwa.

Na kwa madereva wenzangu wanaodhani nimepoteza akili: matembezi haya yananisaidia kazini. Pikipiki inakuonyesha barabara tu. Sasa simu ikilia usiku wa masika, mama ana uchungu na barabara kubwa haipitiki, nauliza kitongoji gani tu. Korongo la kukwepa nalijua, na njia inayozunguka juu yake nimeshaikanyaga kwa miguu yangu. Wawili wa kijiweni wameshaniuliza Jumamosi ijayo tunapita upande gani.