Sinema Tatu za Kutazama na Watoto

Akina mama wenzetu, watoto wakifunga shule hawakosi sinema. Asiyeitazama sebuleni kwetu ataitazama kwa jirani, au kwenye simu ya kaka yake. Kukataza tu hakutoshi. Afadhali tukae nao, tuone wanachokiona, kisha tuzungumze. Tumetazama tatu za katuni, na haya ndiyo maoni yetu.

*The Wild Robot* (2024). Roboti aitwaye Roz anatupwa na bahari kisiwani. Kwa ajali anaangukia kiota cha bata bukini, linabaki yai moja tu. Analilea kinda lake mpaka lijue kula, kuogelea na kuruka kabla ya majira ya baridi. Sauti ya Roz ni ya Mkenya Lupita Nyong'o. Mama anayelea mtoto asiyemzaa atajiona humu. Wadogo sana waelezwe mapema kwamba wapo wanyama wanaokufa.

*Inside Out 2* (2024). Riley ametimiza miaka 13, na hisia mpya zinahamia kichwani mwake, wakiwamo Wasiwasi, Wivu na Aibu. Wasiwasi anashika usukani hata moyo wa binti unakwenda mbio na pumzi zinambana. Sisi wauguzi tunawajua mabinti wa namna hii. Mara nyingi nyumbani wameambiwa wanajidekeza. Kwa hiyo hii tunaipenda kuliko zote: inampa binti maneno ya kusema lililo moyoni. Habari ya maombi haimo. Hapo mama ujazie mwenyewe.

*The King of Kings* (2025). Mwandishi Mwingereza Charles Dickens anamsimulia mwanawe Walter maisha ya Yesu. Ni kweli Dickens aliwaandikia watoto wake kitabu hicho, kikachapishwa mwaka 1934, miaka mingi baada ya kifo chake. Mambo yanapita upesi mno, basi baada ya sinema fungueni Injili ya Luka msome polepole. Kwenye mateso ya msalaba, mdogo asiachwe peke yake.

Mkizima televisheni, usianze mahubiri. Muulize mwanao swali moja: "Nani amekuhuzunisha humu, na kwa nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakueleza jambo la shuleni ambalo hajawahi kulisema. Hilo ndilo la kupeleka mbele za Bwana usiku huo, wewe na yeye pamoja.