Harusi ya Watu Sita Chini ya Mikuyu ya Tana

Msomaji mpendwa, huenda asubuhi hii ya Jumapili umeketi sebuleni, na mezani pana kadi tatu za harusi, kila moja na bahasha yake ya mchango. Huenda pia wewe mwenyewe una mchumba, na kamati ya harusi imekwisha kukusomea hesabu iliyokutoa jasho: hema, magari, keki, mpiga picha za video, sare za wasimamizi, na chakula cha watu mia nne ambao nusu yao hujawahi kuwaona. Usiku mnanong'onezana na mwenzako: kwa nini tusichukue mabegi mawili, twende zetu msituni, tufunge ndoa kimya kimya, na watu wasikie tukirudi?

Wazo hilo si la wazimu. Marekani na Ulaya wapo wachumba wengi wanaoacha ukumbi na kwenda kuoana msituni, mbele ya mfungishaji ndoa na mashahidi wachache. Hata hapa Kenya tulipata fundisho mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mikusanyiko ilipigwa marufuku, na mwezi Julai mwaka huo serikali ilipolegeza kamba iliruhusu wageni wasiozidi 100 harusini. Wengi waliooana siku hizo waligundua kwamba ndoa inafungika hata bila msururu wa magari kupiga honi.

Basi leo nakuomba tufunge safari pamoja hadi Garissa, mahali ambapo wapenzi wamekuwa wakitoroka kwenda kuoana tangu zamani. Tukifika tutauliza maswali mawili: msitu uko wapi katika nchi kavu kama ile? Na katika kupunguza wageni, ni nani asiyeweza kuachwa nyumbani?

MSITU UNAOKUNYWA MVUA YA MBALI

Ukitoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi, ni mwendo wa kilomita 370 hivi. Kadiri unavyokwenda, miti inapungua kimo, na mwisho unabaki na vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Garissa hupata mvua isiyofika milimita 400 kwa mwaka. Halafu ghafla, karibu na daraja, unaona ukanda wa kijani kibichi. Huo ndio mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, na kando yake kuna migomba, miembe, mipapai na matikitimaji, na miti mikubwa ya mwituni: mikuyu, migunga, mikoma na mikindu.

Ukiteremka na mto kuelekea pwani, kati ya Hola na Garsen, utakuta vipande vya msitu mzito zaidi. Wataalamu huvihesabu kuwa masalio ya misitu ya mvua iliyowahi kuunganisha Kongo na pwani yetu. Mwaka 1976 serikali ilitenga sehemu yake kuwa hifadhi kwa ajili ya wanyama wawili wa jamii ya kima wasiopatikana popote pengine duniani, yaani mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana.

Cha ajabu ni kwamba msitu huu hauishi kwa mvua inayonyesha juu yake. Unakunywa maji yaliyonyesha mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakaletwa na mto, yakapenya chini ya udongo hadi kwenye mizizi. Ndiyo maana msitu ni mwembamba. Ukitembea kidogo tu kutoka ukingoni, umerudi kwenye miiba. Shika jambo hilo, msomaji. Tutalirudia.

MASAAFO, NDOA YA MWENDO

Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera wana jina la ndoa ya kutoroka. Huiita masaafo, na neno hilo ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, masafa. Jina limebeba sheria yenyewe.

Wasomali, kama Waislamu wengi wa pwani, hufuata madhehebu ya Shafii. Katika madhehebu hayo mwanamke huozwa na walii wake: baba, na asipokuwepo babu, kaka, au ami kwa mpangilio wake. Lakini walii akiwa mbali, umbali wa safari ambao msafiri huruhusiwa kupunguza sala, kadhi anaweza kusimama mahali pake. Umbali huo wengi huuhesabu kuwa kati ya kilomita 80 na 90. Sheria iliwekwa kumsaidia binti ambaye baba yake amesafiri. Vijana wakaigeuza: baba akibaki nyumbani, wao ndio wanaosafiri!

Chukua mfano wa kijana asiye na ngamia wala fedha za kulipa yarad, ile mali inayopelekwa kwa jamaa ya mke, au binti ambaye wazee wamemchagulia mume asiyemtaka. Wawili hao wanapanda gari alfajiri. Kutoka mjini Garissa hadi Dadaab ni kilomita 100 hivi, yaani masafa yametimia. Wanamtafuta sheikh na mashahidi wawili, mahari ya binti inatajwa, ndoa inafungwa. Jioni habari zimekwisha kufika nyumbani.

Kinachofuata ndicho vijana husahau kukipanga. Wazee wa pande mbili hukutana chini ya mti. Upande wa mume huja kuomba radhi, na mara nyingi haji mikono mitupu. Maneno makali husemwa, kisha ndoa huachwa isimame. Kwa hiyo hata aliyetoroka kilomita 100 hurudi kwa wazee wale wale aliowakimbia, na safari hii anarudi akiwa mwenye makosa.

Anayelipa zaidi ni binti. Katika harusi ya kawaida ya Kisomali, mama na wanawake wa ukoo wake humjengea aqal, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka iliyofumwa kwa mkono, na jamaa zake humpa vyombo na mifugo ya kuanzia maisha. Aliyetoroka huenda akavikosa vyote. Tena siku mume akimwinulia mkono, atakwenda kulala kwa nani? Aliyeolewa mbele ya baba yake ana mlango wa kubisha. Aliyetoroka hubisha kwa woga.

Usinielewe vibaya. Wapo waliooana kwa masaafo wakadumu na wakapendwa na wakwe. Wala simwambii binti akubali mume asiyemtaka kwa sababu ya aqal. Lakini ujue kwamba ipo njia nyingine isiyohitaji kutoroka. Walii akikataa kumwoza binti kwa mtu anayefaa bila sababu ya kisheria, binti anaweza kwenda kwa kadhi. Kadhi humwita mzee, humsikiliza, na akiona hana hoja anaweza kuwa walii yeye mwenyewe. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba yetu ya 2010, na mambo ya ndoa za Waislamu ni kazi yao. Njia hiyo ina aibu yake pia, lakini ni aibu ya mchana, yenye mhuri.

HESABU YA WATU SITA

Sasa turudi kwa ninyi mlio mjini, ambao hamumkimbii mtu ila mnaikimbia kamati. Hebu tuhesabu wanaohitajika kweli. Kwa ndoa ya Kiislamu: bwana harusi, bibi harusi, walii, mashahidi wawili, na sheikh au kadhi wa kuifungisha. Ni watu sita. Kwa ndoa ya kiserikali ni wachumba wawili, mashahidi wawili na msajili, yaani watano. Wengine wote, hata wawe mia nne, ni wageni. Wanapendeza, lakini ndoa haiwangoji.

Kwa hiyo unaweza kupunguza hema, keki na magari usiwe umetenda kosa lolote. Unaweza hata kumpunguza shangazi wa tatu. Walii na mama ni habari nyingine. Waambieni mapema na kwa unyenyekevu: "Baba, mama, tunataka siku ndogo. Mtakuwepo ninyi, mashahidi na sheikh. Jamaa tutawapikia chai tukirudi." Mzazi anayesikia hivyo miezi mitatu kabla atanuna wiki moja. Anayesikia baada ya ndoa huenda akanuna miaka kumi.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haijali kama mmeoana hotelini au chini ya mkuyu, lakini ina masharti yake.

Kwanza, kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Aliye chini ya umri huo hawezi kusemwa ametoroka kwa mapenzi, kwani aliyemchukua ametenda kosa la jinai. Pili, wote wawili wawe wamekubali kwa hiari. Ridhaa iliyotolewa kwa vitisho haifungi ndoa. Tatu, kwa ndoa ya kiserikali mpeleke ilani kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla, basi usiamke Ijumaa ukidhani utaoa Jumamosi. Nne, sheikh au kasisi atakayewafungisha awe amepewa idhini ya kufungisha ndoa, na ndoa isajiliwe. Picha nzuri ya msituni haitakusaidia siku ya kudai urithi. Hati itakusaidia.

KUPANGA SIKU YENYEWE

Chagua mwezi kwanza. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Mnamo Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata barabara ya kuingia Garissa upande wa Madogo, wasafiri wakakwama. Februari na Machi joto ni kali mno. Julai na Agosti kuna upepo na nafuu, na barabara ni kavu.

Kisha chagua mahali. Kwa familia ya mjini, naona panapofaa zaidi ni shamba la mtu kando ya mto karibu na mji wa Garissa, chini ya miembe au mkuyu mkubwa. Mwenye shamba aombwe ruhusa na apewe chochote. Baada ya shughuli mnaweza kwenda Bour-Algi, kusini mwa mji, kuwatazama twiga wanaoishi jirani na watu. Mkitamani msitu ule mzito wa kima, ombeni ruhusa na muongozwe na askari wa wanyamapori na wenyeji. Msitu wa Boni, ulio kusini kabisa mwa kaunti, ni mzuri ajabu, lakini tangu Septemba 2015 serikali ilipoanzisha operesheni ya usalama huko, si mahali pa kupeleka harusi. Kabla ya kuondoka, ulizeni polisi hali ya barabara, msafiri mchana, na kila mtu awe na kitambulisho, kwani vizuizi ni vingi.

Saa nayo ina maana. Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Viboko watakuwa wamekwisha kurudi majini na jua halijachoma. Tandikeni mikeka mbali na ukingo, kwa sababu mamba wa Tana hakualikwa lakini yupo. Kufikia saa nne muwe mmemaliza.

Chakula kisiwasumbue. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta, haihitaji barafu. Ongeza anjera, tende, ndizi za shambani, maziwa ya ngamia na chai ya hiliki, na watu sita wamekula wakasaza. Msikate matawi ya kupambia, na msiache plastiki. Msitu umewapa kivuli bure. Uachieni usafi wake.

Na jambo moja la mwisho. Mwombe mama wa binti alete mkeka mmoja kutoka nyumbani, huo ndio walii na bwana harusi waupeanie mikono. Aqal nzima haitaingia kwenye gari, lakini mkeka utaingia.

Nilikuambia ushike habari ya maji ya Tana. Mikuyu ile inaonekana imesimama peke yake katikati ya jangwa, na mgeni hudhani inajitegemea. Siku mto ukihama njia, na Tana huhama, miti iliyoachwa nyuma huanza kukauka kutoka juu, taratibu, huku ikiwa bado imesimama. Ninyi wawili mnaweza kwenda kusimama peke yenu chini yake, na siku yenu ikawa tamu kuliko zote za ukumbini. Ila kabla ya kupanda gari, jiulizeni maji yenu yatatoka wapi miaka ya kiangazi. Kisha mpigieni mzee simu.