Wageni Wanapopungua: Kilichojificha Nyuma ya Utulivu wa Hifadhi Wakati wa UVIKO-19

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19 mwaka 2020 ilieneza dhana moja duniani kote: binadamu akijifungia ndani, wanyama hupumua. Picha za mbuzi wakizurura katika mitaa mitupu ya mji wa Llandudno, huko Wales, zilizunguka katika simu za watu wengi, wakiwemo wa hapa nchini.

Dhana hiyo ina ukweli. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023, uliofuatilia mienendo ya mamalia 2,300 wa spishi 43, ulibaini kuwa pale masharti ya kutotoka nje yalipokuwa makali, masafa marefu zaidi ambayo wanyama walisafiri katika siku kumi yaliongezeka kwa asilimia 73. Katika maeneo yenye watu wengi, wanyama walisogea karibu na barabara kwa asilimia 36 zaidi ya mwaka uliotangulia.

Kwa mkazi wa Kinondoni au Temeke, hata hivyo, hiyo ni nusu ya habari. Tanzania haikuwafungia wananchi wake ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, shule zikafungwa, na ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa kuanzia tarehe 11 Aprili hadi ziliporuhusiwa tena tarehe 18 Mei. Masoko na daladala ziliendelea na kazi. Hata kunguru weusi, ambao riziki yao ni mabaki ya chakula chetu, hawakupata shida iliyowakuta nyani wa mji wa Lopburi nchini Thailand, waliopigana hadharani baada ya watalii waliokuwa wakiwalisha kutoweka.

Kilichopungua hapa kwetu ni wageni. Watalii wa kimataifa walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Upungufu huo ndio unaogusa uhifadhi moja kwa moja, kwa sababu kiingilio cha mgeni ni sehemu ya mafuta ya boti ya doria, matengenezo ya gari na posho ya askari wa wanyamapori.

Chukua mfano wa visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyo mbele ya ufukwe wa Kinondoni. Pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na leo vinasimamiwa na Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu (MPRU). Mgeni anayepanda boti Kunduchi kwenda Mbudya hulipa ada. Akikosekana, matumbawe hupata nafuu ya miguu na nanga, lakini macho yanayoona nyavu haramu nayo hupungua. Aliyepoteza kibarua cha hoteli au cha kuendesha boti bado anahitaji mlo wa jioni, na bahari iko mlangoni.

Hali ni hiyo hiyo nchi kavu. Pori la Akiba Pande, lililopandishwa hadhi mwaka 1990 na kuzungukwa na makazi yanayokua kila mwaka, halitishiwi na watalii, bali na shoka la mkata kuni na mchoma mkaa. Kipato cha kaya kikiyumba, jiko la mkaa haliyumbi. Msitu ulio kando ya jiji kubwa haupati mapumziko kwa sababu tu uwanja wa ndege umenyamaza.

Uganda, iliyoweka masharti makali zaidi, ilionja uchungu huo mapema. Mwezi Juni 2020 sokwe mkubwa aliyejulikana kwa jina la Rafiki aliuawa kwa mkuki katika Hifadhi ya Bwindi na mwindaji aliyedai kuwa alikuwa akitafuta wanyama wadogo. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Wapo waliofaidika na utulivu, na si haki kuwasahau. Kasa hupanda usiku kutaga katika fukwe za Kigamboni, wilaya iliyomegwa kutoka Temeke. Mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, na vifaranga wakitoka hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni bahari. Taa za hoteli na mioto ya ufukweni huwapotosha. Ufukwe wenye giza huwafaa, lakini kiota kisicholindwa huliwa na mbwa au kuchimbwa na mtu.

Kwa upande wa fedha, kuanzia mwaka 2020/21 makusanyo ya TANAPA, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na TAWA yalielekezwa Hazina, na taasisi hizo zikaanza kugharamiwa kupitia bajeti ya Serikali. Kwa utaratibu huo, mshahara wa askari wa Pande haukutegemea idadi ya watu waliopita getini mwezi huo.

Watalii wa kimataifa walifikia 1,808,205 mwaka 2023, zaidi ya waliokuwepo kabla ya janga. Boti za Kunduchi zinajaa tena mwishoni mwa wiki, na abiria wengi ni wakazi wa jiji lenyewe. Hao hawahitaji ndege kufika Mbudya, na ada yao, ingawa ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, haisimami anga linapofungwa.